Akiba haiozi, maziwa yanaoza

Najua nimepotea. Wadau wawili watatu wameniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika, na mmoja akaniuliza kama nimeoa! Sijaacha, na wala sijaoa. Kuna jambo nilikuwa naona haya kuliandika, ndiyo maana nikawa kimya. Leo nimeamua kulitoa moyoni. Linahusu umeme, mvua, maziwa, na kosa moja la hesabu nililolifanya mimi mwenyewe kwa mkono wangu huu.

Tuanzie Amani.

Kama hujawahi kufika Amani, panda gari Muheza, acha machungwa nyuma yako, halafu anza kupandisha Usambara Mashariki. Ni zaidi ya kilomita 30 za barabara, upande mmoja mlima na upande mwingine bonde. Joto la pwani linakuacha njiani. Unakuta ukungu, msitu, mashamba ya chai, na harufu ya iliki. Huko ndiko Wajerumani walikoanzisha kituo chao cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902. Mto Sigi unatokea milima hiyo, na maji yake ndiyo yanayoishia bwawa la Mabayani na kwenye mabomba yetu hapa mjini. Kwa hiyo wewe mkazi wa Ngamiani au Chumbageni, kila unapofungua bomba unakunywa mvua ya Amani.

Shangazi yangu anaishi huko. Ni mjane, ana ng'ombe wa maziwa watatu, na ni katibu wa kikundi cha wafugaji wenye kituo kidogo cha kukusanyia maziwa. Kituo chenyewe ni chumba kimoja, tangi la kupozea maziwa, mizani, na jenereta ya dizeli nyuma ya ukuta. Gari la mnunuzi linapanda kuchukua maziwa, linashuka nayo. Maziwa yakikaa kwenye ubaridi wa nyuzi 4 yanasubiri gari. Yasipokaa kwenye ubaridi, hayasubiri mtu.

Juni 2023 nilikwenda kumsalimia. Baada ya chai akatoa daftari.

"Mwanangu, wewe umesoma. Hebu tupigie hesabu. Kikundi kimepata fedha kidogo. Wengine wanataka tununue dizeli ya akiba na madumu. Wengine wanataka chakula cha ng'ombe na dawa. Umeme ukikatika tunahitaji dizeli kiasi gani?"

Nikavimba kichwa. Mwandishi wa habari na hesabu, tangu lini? Lakini msomi akiombwa na shangazi yake hawezi kusema hajui.

Shangazi alikuwa ameandika kila umeme ulipokatika kwa miezi mitatu: tarehe, saa ulipokatika, saa uliporudi. Jumla mara 23. Mara 22 zilikuwa fupi, nusu saa, saa moja, saa tatu. Mara moja tu umeme ulikaa saa 19. Nikachukua kalamu nikaikata ile ya saa 19.

"Hiyo ilikuwa ajali, shangazi. Ukiiweka itaharibu wastani."

Akaniangalia. "Ajali si ndiyo hiyo hiyo tunayoiogopa, baba?"

Nikacheka. Nikamweleza habari ya wastani kama mwalimu anavyomweleza mtoto wa darasa la tano. Zile mara 22 zilizobaki zilitoa wastani wa chini kidogo ya saa 2. Jenereta yao inakula kama lita mbili na nusu kwa saa. Dumu moja la lita 20 linatosha saa 8, yaani mara nne ya wastani! Nikawaambia dumu moja ni akiba kubwa tena ya kifahari, fedha iliyobaki wakanunue chakula cha ng'ombe. Kikundi kikapiga makofi. Nikashuka mlimani najiona waziri wa fedha.

Sasa njoo Novemba 2023. Mnakumbuka zile mvua za El Niño. Nilikuwa nimepanda Amani siku ya Jumatano kufuatilia habari ya wakulima wa iliki. Mvua ilinyesha usiku kucha, na Alhamisi saa 11 alfajiri umeme ukakatika. Jenereta ikawashwa, dumu likamiminwa, watu wakaendelea na kazi zao. Ilipofika saa 7 mchana dizeli ikaisha na umeme haujarudi.

Hakuna shida, tukasema. Tukamtuma kijana wa bodaboda Muheza akanunue dizeli. Baada ya saa moja akarudi mikono mitupu, udongo mpaka kifuani. Mlima ulikuwa umeporomoka barabarani, na lori limenasa katikati, hakuna kupita. Hakuna shida, tukasema tena, japo sauti sasa zilikuwa za chini. Gari la mnunuzi likija litachukua maziwa kabla hayajaharibika. Halafu tukatazamana. Gari la mnunuzi litapita wapi?

Umeme ulirudi Ijumaa saa 6 mchana. Saa 31.

Ng'ombe hajui mgao wala maporomoko. Jioni ile ya Alhamisi watu waliendelea kuja na ndoo zao, na Ijumaa asubuhi tena. Tulijaza kila sufuria. Tuligawa kwa majirani, tukagandisha mtindi mpaka vyombo vikaisha. Zaidi ya lita 400 zilimwagwa kwenye mteremko nyuma ya kituo, na harufu yake sitaisahau. Shangazi alikuwa anategemea malipo ya mwezi ule kumalizia ada ya binti yake aliye chuo cha uuguzi. Wiki mbili baadaye aliuza mtamba wake mmoja, yule aliyekuwa anamlea awe ng'ombe wa nne.

Hakunilaumu hata neno moja. Afadhali angenilaumu! Alikaa barazani akiangalia mvua, kisha akauliza swali ambalo sikuweza kulijibu:

"Mvua yote hii, mwanangu. Na nchi nzima inalia mgao. Umeme wa maji unakosekanaje?"

Basi bwana, tangu siku ile nimekuwa mwanafunzi. Nimesoma, nimesumbua mafundi, nimesumbua rafiki yangu mmoja mhandisi mpaka akaacha kupokea simu zangu usiku. Haya ndiyo niliyoyaelewa, na nitayasema kwa lugha ya barazani.

Jambo la kwanza: umeme unafanana na maziwa. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hawakuwa na gridi ya taifa. Umeme unaozalishwa sekunde hii lazima utumike sekunde hii. Gridi yetu inapiga mapigo 50 kwa sekunde, wataalamu wanaita hezi 50. Watu wakiwasha vitu vingi kuliko umeme uliopo, mapigo yanapungua. Yakipungua sana mitambo inajizima yenyewe ili isiharibike, na kila mtambo unaojizima unauongezea mzigo uliobaki. Ndani ya dakika chache nchi nzima inaweza kuwa gizani.

Kwa hiyo waendesha gridi wanaweka akiba ya aina mbalimbali. Kuna mitambo inayozunguka bila kutoa nguvu zake zote, kama dereva wa daladala aliyeweka gia moja anasubiri abiria wa mwisho. Hiyo inajibu ndani ya sekunde. Kuna mitambo iliyozimwa lakini inayoweza kuwaka ndani ya dakika kadhaa. Na kuna akiba ya msimu: maji yaliyobaki bwawani, gesi kwenye bomba, mafuta kwenye matangi.

Swali linabaki lile lile la shangazi. Kiasi gani?

Kanuni ya zamani ni rahisi: weka akiba inayolingana na kitu kikubwa kuliko vyote kinachoweza kuharibika ghafla. Kwa Tanzania ya leo, mashine moja ya Bwawa la Nyerere ina megawati 235, hakuna mashine nyingine nchini inayoifikia. Ikizimika ghafla, lazima megawati 235 zitoke mahali pengine haraka.

Ndugu zetu wa Unguja wanaijua kanuni hii kwa machungu. Kisiwa kilikuwa kinategemea waya mmoja wa chini ya bahari kutoka bara. Mei 2008 ulipata hitilafu, wakakaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 tena, safari hii mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Visima bila pampu, samaki bila barafu, hoteli zinanguruma jenereta. Kwa hesabu ya wastani waya ule ulikuwa mzuri kabisa, maana ulikuwa umefanya kazi tangu 1980. Ungemuuliza mtu kama mimi mwaka 2007, angekwambia akiba ya nini?

Lakini kanuni hiyo inahusu kitu kuharibika. Mvua, upepo na jua haviharibiki. Vinabadilika tu. Hapo ndipo hesabu inapokuwa ngumu, na ndipo nilipogundua ukubwa wa kosa langu.

Chukua mfano. Una shamba la mitambo ya upepo na shamba la sola. Kila siku wataalamu wanatabiri kesho zitatoka megawati ngapi, na kila siku utabiri unakosea kidogo. Kinachotakiwa kupimwa ni ukubwa wa makosa hayo, maana wastani wa uzalishaji peke yake hauonyeshi kesho itakuwaje. Unaorodhesha makosa ya siku nyingi, unaangalia yale mabaya kabisa, halafu unaamua: nataka niwe salama siku ngapi katika 1,000? Ukisema siku 990, unahitaji akiba fulani. Ukisema 999, unahitaji kubwa zaidi na ghali zaidi. Siku 1,000 kamili haziuzwi kwa bei yoyote.

Mimi nilifanya nini? Nilichukua daftari lenye siku mbaya moja, nikaifuta, kisha nikapima akiba kwa siku nzuri zilizobaki. Ni sawa na kununua mwavuli kwa kuangalia siku za jua.

Sasa lipo la pili, na ndilo lililonifundisha zaidi. Tuseme kosa la kawaida la utabiri wa upepo ni megawati 30, na la sola ni megawati 40. Je, akiba iwe 70? Wataalamu wanasema hapana, ikiwa makosa hayo hayahusiani. Siku upepo unapokosekana huenda jua liko vizuri, yanafidiana. Hesabu yake ni ile ya Pythagoras tuliyoisoma sekondari: 30 mara 30 ni 900, 40 mara 40 ni 1,600, jumla 2,500, kipeuo chake cha pili ni 50. Akiba ya 50 inafanya kazi ya 70. Ndiyo faida ya kuwa na vyanzo vingi tofauti, unaokoa fedha nyingi.

Lakini angalia neno lile: ikiwa hayahusiani. Kama wingu moja linaweza kuziba jua na kutuliza upepo kwa pamoja, basi huna vyanzo viwili, una kimoja chenye majina mawili. Unarudi kwenye 70.

Turudi kituo cha maziwa. Sisi tulijihesabia kinga tatu: umeme wa waya, jenereta, na gari la mnunuzi. Tukasema haiwezekani zote tatu zikashindwa siku moja. Zilishindwa siku moja, kwa sababu zote tatu zilikuwa zinapita kwenye mlima mmoja na mvua moja. Waya ulipita msituni ambako miti inaanguka, dizeli ilitoka Muheza kwa barabara ile, na gari lilipanda kwa barabara hiyo hiyo. Tulihesabu vifaa. Tulipaswa kuhesabu sababu.

Ukishaliona hili hapa kijijini, utaliona kwenye historia ya umeme wa nchi yetu.

Kwa miaka mingi tulitegemea vituo vikubwa sita vya maji. Viwili viko jirani hapa Tanga: Hale, megawati 21, kilichoanza 1964, na Maporomoko ya Pangani Mapya, megawati 68, cha 1995. Juu yao kiko Nyumba ya Mungu, megawati 8. Halafu kule kusini na katikati Mtera 80, Kidatu 204, Kihansi 180. Jumlisha, ni megawati 561. Kwenye karatasi ni vituo sita. Lakini vya kwangu vitatu vinakula maji ya mto mmoja, yanayotoka Kilimanjaro na Meru, yanapita Nyumba ya Mungu, yanashuka Hale, kisha Pangani. Na Mtera na Kidatu nazo ziko mto mmoja, Ruaha Mkuu. Ukame wa nchi nzima ukija, sita inakuwa moja.

Na huo ndio mwanzo wa jibu la swali la shangazi. Mvua ya Amani inakwenda Sigi, inakwenda bombani Tanga. Haiendi Hale, haiendi Mtera. Unaweza kulowa Amani kutwa nzima huku bwawa linalokuwashia taa linasubiri mvua ya Kilimanjaro au ya Iringa. Tena bwawa lililoshuka kwa msimu mzima halijai kwa wiki moja. Na upungufu wa mwaka ule ulikuwa na sababu zaidi ya maji, kulikuwa na mitambo inayohitaji matengenezo na mahitaji yaliyokua haraka. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe kila mtu ana mvua yake."

Oktoba 2015 ilitokea siku mbaya yenyewe. Maji yalishuka kiasi kwamba mitambo mikubwa ya maji ilizimwa yote. Kilichotuokoa tusizame kabisa ni gesi ya Songo Songo na Mtwara, ambayo haijali mvua. Ukame ule usingeziba bomba la gesi. Hiyo ndiyo akiba ya kweli.

Lakini msinielewe vibaya, sisemi tununue kila jenereta tunayoletewa. Akiba ina gharama, na akiba inayonunuliwa kwa hofu ni ghali kuliko zote. Mnakumbuka IPTL? Mkataba ulisainiwa 1995, tukiwa tumetishwa na ukame, kwa megawati 100 za dharura. Mitambo ikaanza kuzalisha mwaka 2002. Dharura ya miaka 7! Halafu tukawa tunailipa kwa kuwepo tu, iwashwe isiwashwe. Ukaja ukame wa 2006, tukasaini Richmond, megawati 100 nyingine za dharura ambazo hazikufika kwa wakati, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu baada ya ripoti ya kamati teule ya Bunge. Serikali ikaanguka kwa ajili ya akiba, jamani. Siku zile sote tulipiga kelele kuhusu nani amekula. Ilikuwa haki yetu. Ila sikumbuki wengi waliouliza: kwa nini akiba tunaitafuta siku bwawa limekauka, wakati muuzaji anajua hatuna pa kukimbilia?

Wenzetu nao hawajapona. Kenya walijenga mitambo 365 ya upepo karibu na Ziwa Turkana, jumla megawati 310, mradi mzuri sana. Usiku wa Agosti 25, 2023 mradi ule ulikuwa unatoa megawati 270. Ukatoka kwenye gridi, na karibu nchi nzima ikawa giza mpaka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Wenye mradi walisema gridi ndiyo iliyoyumba kwanza ikawatoa, wenye gridi walisema vingine. Mimi sitaamua ugomvi huo. Ninachojifunza ni kwamba mitambo 365 inaweza kuondoka kama mtambo mmoja, kwa sababu inatoka kwa njia moja.

Na usidhani ni umaskini. Texas, Marekani, Februari 2021 baridi kali iliingia. Watu waliwasha vipasha joto kwa pamoja, mahitaji yakapaa. Gesi, ambayo ndiyo waliyoitegemea kuwaokoa, ikagandia kwenye visima na mabomba kwa baridi ile ile. Gridi ilibakiza kama dakika 4 na nusu kuanguka yote, na zaidi ya watu 200 walikufa katika dhoruba ile. Nchi tajiri, akiba kubwa kwenye makaratasi, na wingu moja likapita juu ya vyote.

Sasa hapa kwetu. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere uliwashwa Februari 2024, na mwaka 2025 mitambo yote 9 ikakamilika, megawati 2,115. Mgao ukaisha, na Machi 2024 tukasikia habari ambayo baba yangu hakuamini: vituo vitano vya umeme wa maji vimezimwa kwa sababu umeme umezidi! Nilifurahi kama wengine. Lakini nilichukua ramani. Bwawa la Nyerere liko mto Rufiji. Ruaha Mkuu wa Mtera na Kidatu unaingia Rufiji. Maji ya Kihansi yanaingia Kilombero, na Kilombero unaingia Rufiji. Kwa hiyo megawati zetu nyingi za maji sasa zinasubiri mvua ya bonde moja. Bwawa ni kubwa, linaweza kubeba maji ya msimu mzuri mpaka msimu mbaya, na hiyo ni nguvu kubwa kuliko ya Mtera. Lakini bwawa kubwa likiishiwa, linaishiwa kikubwa.

Ndiyo maana Machi 2025 Rais Samia aliposema mikoa ya kaskazini itapata umeme kutoka Ethiopia, mimi sikucheka na wenzangu waliocheka mitandaoni. Watu waliuliza, tuna bwawa letu, ya nini kununua? Serikali ilieleza kuhusu umeme unaopotea njiani kutoka kusini mpaka huku kwetu. Mimi naongeza sababu yangu: mvua kubwa za nyanda za juu za Ethiopia hunyesha Juni mpaka Septemba, wakati kwetu ni kiangazi. Ni wingu jingine. Waya wa kutuunganisha na Kenya umekwisha kuwashwa tangu mwishoni mwa 2024. Ila na waya mrefu nao ni kitu kimoja kinachoweza kukatika, waulize Unguja. Kwa hiyo tusije tukafanya kosa la kuzihesabu megawati za jirani kama zetu, tukaacha mitambo ya gesi ipate kutu.

Ningependa siku moja wanaohusika watuambie hadharani, kwa lugha ya kawaida: tunaweka akiba kiasi gani, tumeipima kwa siku gani mbaya, na ikipungua nani anakatiwa kwanza. Akiba isiyowekwa haipotei, ndugu msomaji. Inalipwa na mtu mwingine. Mwenye kiwanda Dar ana jenereta ya nguvu. Shangazi ana mtamba.

Mwaka jana kikundi kilinialika tena kwenye mkutano. Nilikwenda nimeinamisha kichwa, nikasimama nikasema mbele ya wote: ile saa 19 niliifuta mimi. Mzee mmoja akasema, "Tunajua. Kaa chini tupige hesabu." Safari hii tulianza na siku mbaya. Sasa wana madumu manne, mawili yako kituoni na mawili yamefichwa kwa mwanachama anayeishi upande wa pili wa mporomoko. Kila mwezi wanaingiza dizeli hiyo kwenye jenereta na kununua mpya, isichakae. Na wamekubaliana kwamba umeme ukizidi saa 6 bila kurudi, maziwa ya jioni hayaletwi kituoni, kila mtu anagandisha mtindi nyumbani. Rafiki yangu mhandisi aliposikia hilo alicheka sana. Alisema kuna nchi zinawalipa wataalamu mamilioni ili wagundue kwamba kupunguza matumizi kwa makubaliano ni akiba pia.

Chakula cha ng'ombe kimepungua kidogo, ndiyo. Kuna mama mmoja alilalamika, akasema dizeli imekaa tu inatutazama. Shangazi akamjibu, "Ndiyo kazi yake. Siku ikiacha kututazama, sisi ndio tutakaotazamana."

Niliporudi mjini nilikuwa na daftari lake kwenye mkoba, ameniazima. Ile saa 19 niliyoikata kwa kalamu ya bluu bado inasomeka chini ya mstari. Pembeni yake ameandika kwa mwandiko wake wa duara: saa 31.

Kwa leo naishia hapa. Tuonane hapa hapa, umeme ukiwepo.